Mchicha wa Msimbazi

Mtu aufuataye Mtaa wa Msimbazi kutoka upande wa Gerezani hata Faya, penye kituo cha zimamoto, akipishana na mikokoteni, akiitwa huku na wauza vitenge na kule na wauza simu, aghalabu hapati nafasi ya kukumbuka kwamba mtaa ule umeazima jina lake kwa mto, wala kwamba mto wenyewe u karibu naye hata akikata kushoto kuingia Barabara ya Morogoro, akaelekea Magomeni, baada ya mwendo mfupi ardhi itaanza kuinama chini ya miguu yake, maghorofa ya Kariakoo yatabaki nyuma, na mbele yake litatandaa bonde la Jangwani, pana, lenye matete na magugu, na maji ya rangi ya ugoro yakipita katikati. Mji huu umegawanyika kwa mahaba ya vilabu viwili vya mpira, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, na mashabiki wao, wasiopatana katika lolote, wamepatana bila kukusudia katika jambo moja: hawa hujiita Watoto wa Jangwani na wale Wekundu wa Msimbazi, wote wakijinasibisha na bonde ambalo siku nyingine zote mwenyeji wa Dar es Salaam hulipita kwa kuziba pua.

Watu ninaotaka kuwataja katika sura hii hawakuchukua jina tu kwa mto. Wamechukua riziki. Ni wakulima wa mboga, wachuuzi wanaonunua kwao, wachimba mchanga, wafuaji na wavuvi wachache wa kambare, ambao kwa miaka mingi wameishi kwa maji ya Msimbazi na sasa wanaona maji yale yale yakiwageuka. Wanazungumzwa mara nyingi, lakini aghalabu kama wavamizi, au kama wahanga wa mafuriko, au kama watu wanaotuuzia sumu. Ni nadra kusikia wakizungumzwa kama wafanyakazi wa mji, nami naona hapo ndipo hesabu yetu inapoharibika.

Mto huu si mkubwa. Chimbuko lake ni vilima vya Pugu na Kisarawe, na mwendo wake wote hadi baharini ni takriban kilomita 40. Huteremka ukipita karibu na Ukonga, Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, ukipokea njiani maji ya Luhanga, Ubungo na Sinza, kisha hupanuka Jangwani, ukapita Mkwajuni, ukaingia katika mikoko iliyosalia nyuma ya Upanga na kumwagika baharini chini ya Daraja la Salenda, lililojengwa 1929 na kupewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma katika Tanganyika ya Waingereza. Mto mfupi wa namna hii hauna subira. Mvua ikinyesha Pugu alfajiri, Jangwani hupata habari zake kabla ya adhuhuri.

Bonde lilibaki wazi kwa muda mrefu kwa sababu mji haukulihitaji. Katika hesabu ya watu ya 1957, Dar es Salaam ilikuwa na wakazi karibu 129,000, na kwa mji wa kadiri hiyo viwanja vya nchi kavu vilitosha: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, na Waafrika Kariakoo, Ilala na Magomeni, katika utaratibu ambao dola ya kikoloni iliupanga kwa makusudi. Kariakoo yenyewe ilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kabla haijawa maskani ya watu. Kando yake, katika ardhi ya maji ambayo hakuna aliyeona faida ya kujenga juu yake, ilibaki nafasi ya jembe. Na jembe lilikuja kuhitajiwa kweli kweli katika miaka ya njaa. Ukame wa 1973 na 1974 ulipoikausha nchi, serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na kila kipande cha ardhi, hata katika mji, kikaitwa shamba; kisha ulipofika mwongo wa 1980, mshahara wa mwezi ukawa hautoshi kumlisha mtumishi na aila yake, na waliokuwa makarani mchana wakawa wakulima jioni. Mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi iliwakamata wazururaji wa mjini na kuwapeleka mashamba ya mbali, ilhali shamba lilikuwa limekwisha kuja mjini kwa miguu yake.

Inafaa tueleze kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wanaokula mazao yake hawajui namna inavyofanywa. Mkulima wa bondeni hahesabu eka, huhesabu matuta. Tuta hulimwa kwa jembe la mkono, likachanganywa samadi, na siku hizi mara nyingi ni ya kuku, inayonunuliwa kwa gunia kutoka kwa wafugaji wa pembezoni mwa mji. Mbegu ya mchicha, ndogo kama vumbi, hunyunyizwa juu na kufunikwa kidogo. Na tangu hapo tuta halitaki kitu ila maji, asubuhi na jioni, yaliyochotwa kwa ndoo katika kisima kifupi kilichochimbwa ukingoni au katika mto wenyewe. Baada ya wiki tatu au nne mchicha hung'olewa pamoja na mizizi yake, na tuta hulimwa upya. Matembele yana heri zaidi, maana hukatwa ncha na kuchipua tena. Hapo kando utakuta figiri, mnavu, majani ya maboga, chainizi na sukuma wiki, na kwenye mpaka wa shamba migomba na mihogo ya kisamvu, ambayo kazi yake nyingine ni kumwambia jirani kwamba hapa pana mwenyewe.

Mkulima mara nyingi hauzi fungu. Anauza tuta. Mchuuzi, aghalabu mwanamke, huja shambani siku moja kabla, akatembea juu ya kingo akitazama majani, na mazungumzo huanza kwa adabu kabla ya kufika kwenye bei.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mama, habari za Ilala?”

“Ilala ipo, ila wateja wamekuwa wagumu. Hili tuta la pembeni umeliachia maji mengi, unaniuzia udongo.”

Hubishana, hucheka, hupatana. Alfajiri yake mama huyo hung'oa mboga mwenyewe, huosha matope, hufunga na kupakia katika tenga, na kabla jua halijapanda, mchicha umefika Buguruni, Ilala, Mchikichini au Kariakoo. Anayeununua sokoni ni mama mwenye nyumba au mama lishe, na saa sita mchana umekuwa kitoweo cha kuli aliyeshinda akibeba magunia Shimoni, katika soko la Kariakoo, chini ya ile miamvuli ya zege ambayo Beda Amuli aliisanifu na Mwalimu Nyerere akaifungua 1975. Kariakoo hupokea viazi vya Njombe, kabichi na karoti za Lushoto, vitunguu vya Singida, machungwa ya Muheza, mchele wa Kyela. Vyote hivyo vinastahimili safari ya lori. Mchicha haustahimili. Ukikatwa leo, kesho umenyauka, na watu wasio na jokofu wala gari la baridi hawana njia ya kula mboga mbichi kila siku isipokuwa shamba liwe karibu na chungu. Ndiyo maana nasema bonde hili lilikuwa ghala la mji bila kuandikwa katika daftari la ghala lolote, na bei nafuu ya fungu la mboga, ambayo maskini wa Manzese na Tandale aliihesabu kuwa jambo la kawaida, ilikuwa ruzuku iliyotolewa na mto.

Wachimba mchanga nao wana sehemu yao. Baada ya kila mvua mto huacha mchanga safi kwenye viwiko vyake, na vijana wenye makoleo huurundika ukingoni mpaka lori lije; nyumba nyingi za mji huu zimepigwa lipu kwa mchanga wa aina hiyo. Kazi yao hukatazwa mara kwa mara, kwa haki, maana hula kingo. Lakini hao ndio pekee waliokuwa wakipunguza kwa mikono yao mashapo ambayo baadaye serikali ililazimika kuyaondoa kwa mitambo.

Sasa tuje kwenye ubaya wa maji. Tangu uhuru viwanda vimepangwa kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa inaitwa Barabara ya Nyerere, na Urafiki, kile kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China mwishoni mwa miaka ya 1960, kiko Ubungo. Maji machafu ya upande ule na ya upande huu, kwa maumbile ya nchi, hayana pengine pa kwenda ila Msimbazi. Machinjio ya Vingunguti yako juu ya bonde. Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti yako pale pale. Na sehemu kubwa ya mji haina bomba la majitaka, ina vyoo vya shimo, na katika mitaa ya mabondeni upo mtindo ambao kila mtu anaujua na hakuna anayependa kuutaja mezani: mvua kubwa ikianza, baadhi ya watu hutoboa shimo la choo na kuliacha limwagike pamoja na mafuriko, na jambo hilo huitwa kutapisha choo. Mwenye nyumba hufanya hivyo kwa kuwa gari la kunyonya haliwezi kupita kwenye kichochoro chake, au kwa kuwa likipita hana nauli yake. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 na kuenea nchini, hakikutoka mbinguni.

Kisa cha takataka ndicho kinachonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi na nzi wa dampo la jiji, waliipeleka halmashauri mahakamani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mahakama Kuu iliwapa haki, na kesi yao mpaka leo hutajwa na wanasheria kama miongoni mwa kesi za mwanzo za mazingira katika nchi hii. Jiji lilivutavuta miguu, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 likatii na kuhamisha takataka zake. Ziende wapi? Vingunguti, ukingoni mwa mto Msimbazi. Kwa hiyo ushindi wa jirani wa juu ulishuka kwa jirani wa chini, na kwa takriban mwongo mzima majivu, betri na uozo wa jiji vililala kando ya maji yaliyokuwa yakimwagilia mchicha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wamepima maji, udongo na mboga za bonde hili kwa miaka mingi, wakakuta risasi, kadimi na kromi, mahali pengine kwa viwango vilivyopita vile vinavyokubaliwa katika chakula. Madini hayo hayanuki wala hayabadili rangi ya jani. Jani hunawiri vizuri tu, tena kwa rutuba ya majitaka huwa kubwa na la kijani kibichi kuliko la shamba safi. Kuosha hakuyaondoi yaliyokwisha kuingia ndani ya mmea kwa mizizi. Na risasi, mwili wa mtoto huipokea kwa wepesi kuliko wa mtu mzima, ikakaa. Habari hizo zilipofika magazetini na redioni, sokoni kulizuka desturi mpya: mnunuzi huuliza mchicha umetoka wapi, na mwuzaji, bila kupepesa, humjibu kwamba umetoka Mbezi, au Bunju, au Bagamoyo. Wakati mwingine ni kweli.

Hapa nina neno na wale wanaomkasirikia mkulima. Yeye hakuitia risasi katika mto. Alikuta maji, akayatumia kama baba yake alivyoyatumia, na watoto wake wamekula mboga zile kabla ya watoto wa Oysterbay. Jiji limewahi kufyeka matuta mara nyingi, kwa fimbo ya afya ya umma, na mara nyingi ni rahisi zaidi kumfikia mtu mwenye jembe kuliko kulifikia bomba lililofukiwa chini ya ukuta wa kiwanda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, katika kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria njema. Lakini mtu aliyejaribu kuitumia kwa uadilifu angejiuliza ni kipi cha kudumu zaidi, mchicha wa wiki nne au karakana ya zege.

Maana karakana ilikuja. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Mei 2016, karakana yao kuu ilikuwa imejengwa Jangwani, kwenye kitako cha bonde ambalo kwa miongo mitatu wananchi walikuwa wakiambiwa si mahali pa kujenga. Mji ulikwisha kupata ushahidi wake. Mwezi wa Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo wazee wengi hawakuwahi kuiona, ikaua watu wasiopungua 40, ikawafukuza maelfu katika nyumba zao za Jangwani, Kigogo na Mkwajuni, na serikali ikawagawia wengi wao viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya mji, ambako hapakuwa na tuta wala soko wala mtu wa kufuliwa nguo. Baadhi yao walirudi. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 matingatinga yaliingia bondeni kubomoa nyumba. Kisha mvua zilizofuata ziliyakuta mabasi, na picha za mabasi yaliyozama hadi madirishani zilizunguka nchi nzima, na barabara ya Jangwani ikawa inafungwa kila masika ikizidi.

Sababu ya mafuriko hayo haiko Jangwani. Iko kwenye miteremko ya Pugu, ambako miti imekatwa kwa mkaa, na Kinyerezi na Ukonga, ambako viwanja vimefunguliwa juu ya udongo wa kichanga ambao ukivuliwa majani hauna kinachoushika. Mji wa watu 129,000 ulikuwa mwaka 2022 na watu 5,383,728 katika mkoa wake, na kila paa na kila yadi iliyosakafiwa imezuia maji kuingia ardhini na kuyaelekeza mtoni. Maji hushuka na mchanga, na yafikapo Jangwani, penye tambarare, mwendo hupungua na mchanga hutua. Na ikiwa siku hiyo ni ya bamvua, bahari nayo hupanda kupitia Salenda na kuuziba mlango. Kitako cha mto kimeinuka mwaka hadi mwaka. Mkulima ndiye aliyeliona jambo hili kabla ya mhandisi, kwa kuwa tuta lake, lililokuwa juu ya maji, lilikuja kuwa sawa na maji, kisha likawa chini yake. Mafuriko ya zamani yaliacha tope jeusi la rutuba, na watu walipanda juu yake kwa furaha. Ya siku hizi huacha mchanga mweupe na mifuko ya plastiki, na mchanga haulishi mbegu.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, na Hispania na Uholanzi zikaongeza fedha zao. Mpango ni mkubwa: kuchimba mto upya na kuupa nafasi, kujenga daraja refu Jangwani ili barabara ipite juu ya mafuriko badala ya ndani yake, kuhamisha karakana ya mabasi, na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya mji. Waliokuwa na nyumba walithaminiwa na kulipwa fidia, kwa manung'uniko mengi juu ya ardhi isiyo na hati. Mimi sioni ubaya wa mpango huo. Mji uliopoteza watu kadiri ile una wajibu wa kuinua barabara yake. Ninachokitazama ni mahali alipowekwa mwenye tuta. Mthamini akija leo hukuta miche ya siku kumi. Akija mwisho wa mwezi hukuta udongo mtupu, mboga zimekwisha kuliwa. Na mwenye shamba mara nyingi ni mpangaji wa mtu ambaye naye hana karatasi, naye mama wa tenga, ambaye riziki yake yote hutoka katika tuta lisilo lake, hana hata kipande cha udongo cha kuonyesha. Bustani itakuwa na njia za kutembelea na viti vya kupumzikia. Kwamba sehemu yake ingeweza kuwa na matuta yaliyopimwa udongo, yenye maji ya kisima kirefu, mikononi mwa wale wanaoijua kazi, si ndoto. Iko miji ya dunia, Havana ikiwa mojawapo, iliyojilisha kwa namna hiyo katika miaka ya dhiki bila aibu yoyote.

Juu ya mto, kuanzia Vingunguti kupanda, kilimo kinaendelea, maana hakuna daraja linalojengwa kule. Wakulima waliotolewa chini wamesogea Kinyerezi na mabonde ya Pugu, wengine wamevuka hadi kwenye mashamba ya Ruvu, na mchicha wao sasa huja Kariakoo kwa bodaboda na magari madogo, saa tisa za usiku, nauli ikiwa imeongezwa juu ya fungu. Mchuuzi aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka Kigogo hadi Ilala na tenga kichwani sasa hununua kwa dalali, kwa fungu na si kwa tuta, na faida iliyokuwa yake imehamia kwa mwenye pikipiki. Mabomba ya juu bado yanamwaga, vyoo bado vinatapishwa masika, na maji hayo huwafikia kwanza wakulima wa Vingunguti, wanaoyachota kwa ndoo asubuhi na jioni, kabla hayajafika kwenye chaneli mpya inayochimbwa chini.